Vitefute

Daktari Noh amenichora kwa kalamu ya zambarau,
milimita nne huku, huku tano,
kama fundi anayekata suti.
"Wiki mbili za bandeji," akasema,
"na uji tu, kwa mrija."

Mama hunichania nywele zifunike pande zote mbili:
mwanamke mwenye vitefute, husema, humzika mume mapema.
Vyake mwenyewe ni bapa.
Baba alikufa vivyo hivyo.

Apgujeong, theluji. Kwenye lifti kuna kioo;
nilikuwa natazama mistari ile
nikamkuta baba mle,
akicheka, mashavu yamepanda hadi machoni,
akinimenyea chenza la Jeju.

Nimepanda treni na wino wangu usoni.
Hakuna aliyegeuka.
Arubuni bado iko mkobani.