Robo Mzunguko

Kila nikirudi na mfuko, Mwanakombo huniuliza:
"Hivi navyo vinaliwa?"
Vimejaa chini ya kitanda, vinanuka ukungu na grisi:
pampu, mota, mitambo ya kufumia shali
ambayo mlio wake Paisley imeusahau.

Januari hii boila ya jengo ilizimika.
Fundi kijana akapiga picha kwa simu, akatikisa kichwa:
hii haitengenezwi tena, ing'oeni yote.
Bei aliyoitaja ilimkalisha Bi Effie ngazini,
koti mwilini, glavu mkononi.

Nikashuka na kitabu cha nusu pauni,
mgongo umekatika.
Tochi mdomoni, ukurasa wa mia mbili na tisa:
vali ileile, imechorwa kwa subira,
kila skrubu na namba yake.
Na pembeni, kwa penseli, mkono wa mtu nisiyemjua:
"Jedwali limekosea. Ongeza robo mzunguko."

Nikaongeza.

Mabomba yakagonga, yakakohoa,
joto likapanda ghorofa kwa ghorofa.
Bi Effie akavua glavu, kisha koti.

Mwanakombo hakusema kitu.
Ila jana nimekuta kasogeza viatu vyake,
kaacha nafasi ya kitabu kimoja.
Chembamba.