Mwiko na Unga

Ersilia hushona vitabu vilivyovunjika mgongo.
Karakana yake ni chumba cha chini, seminari ya Benevento,
dirisha moja, linalotazama viatu vya wapita njia.
Juzi ameletewa sanduku la vitabu vya waungamishi:
panya wameitafuna Amri ya Sita,
unyevu umeilamba ya Saba.

Cha kwanza ni kijitabu cha ngozi ya ndama,
nakala ya nakala, asili yake visiwa vya kaskazini,
kwa watawa waliopima dhambi
kama muuza duka apimavyo chumvi.
Aliyelewa: siku saba, mkate na maji.
Aliyeapa uongo: miaka mitatu.
Aliyemuua nduguye: akatembee ugenini bila viatu.
Kurasa arobaini, na hakuna "kwa nini" hata moja.
Ila pembeni, kwa wino wa kahawia, mkono fulani umeuliza:
Na kama ni mgonjwa?
Ersilia anaukausha ukurasa huo taratibu,
kama anayemfuta mtoto uso.

Cha pili kimebebwa na vijana wawili.
Hiki kinaanzia mbali: binadamu anatafuta nini?
Swali, pingamizi, jibu. Swali, pingamizi, jibu.
Ngazi ya mawe inayopanda mpaka kwenye heri,
na kila kituo fadhila imekaa, inamjua mgeni kwa jina.
Pambizoni mwanafunzi amechora punda amelala.
Ngazi ilikuwa ndefu.

Kisha vile vya karne za ubishi.
Ukiwa na shaka, ushike sheria au uhuru?
Mwanachuoni mmoja makini akiwa upande wako, yatosha?
Yatosha, walisema hawa.
Hata kumi hawatoshi, waling'aka wale.
Wakavutana kamba miaka mia na zaidi,
na kamba yenyewe ilikuwa shingoni mwa mtu.

Mtu huyo Ersilia amempata leo asubuhi
katika karatasi iliyokunjwa mara nne,
ndani ya kitabu kinene kuliko vyote.
Padre Gaudioso, wa parokia ya milimani,
ameandika mwaka wa njaa, herufi zikitetemeka:

Mjane Carmosina amekuja kuungama.
Ameiba unga ghalani mwa kanisa, mara tatu,
akawakorogea watoto.
Nimetafuta kitabuni. Huyu asema arudishe.
Yule asema anayekufa njaa amechukua kilicho chake.
Mshumaa umeisha nikisoma.
Sikumpa malipizi.
Nimempa ufunguo.

Mwenye njaa hana mwiko, husema watu.
Carmosina alikuwa nao: wa mti,
umeungua ncha, umening'inia juu ya jiko.

Gombera anashuka ngazi, mzee, magoti yanalia.
Ujanani alikariri vitabu hivi kwa Kilatini, kifungu kwa kifungu;
baada ya Mtaguso akaambiwa aanze upya,
na Injili, na dhamiri, na mtu mzima mzima.
"Nilikasirika," anasema. "Nilikuwa nimeshafika Amri ya Nane."
Anaisoma karatasi. Anaisoma tena.
"Tuipeleke kwenye hifadhi ya nyaraka?"

Ersilia hajibu.
Anamkumbuka mama yake akitoka kitubioni, yeye ana miaka sita,
ametoka bila maondoleo, kwa mlango wa pembeni,
na tangu siku ile mama alikaa benchi la mwisho,
karibu na miavuli.
Hakusema kosa lilikuwa nini. Hakuulizwa.

"Itabaki ilipokuwa," anasema hatimaye.
Gombera anatazama viatu dirishani, anatikisa kichwa,
na hajulikani kama ni ndiyo.

Sasa Ersilia anawasha jiko dogo.
Gundi ya vitabu haijabadilika tangu zama za watawa:
maji kidogo, unga mweupe,
kukoroga bila kuacha, usije ukashika madonge.
Anaushusha mwiko ukutani.