Uzito wa Chupa Moja

Bwana Somji akatandika kitambaa cha kijani juu ya kioo,
akaziweka mbili, taratibu, kama anayempakulia mgeni.
"Hii mpya. Plastiki, nyeusi, nyepesi, haina mambo mengi.
Hii ya kizamani, mama. Chuma kitupu.
Babu yake alipigana vita kuu,
yenyewe haijawahi kugombana na mtu."

Mpya: ndoo arobaini za asali.
Ya kizamani: kumi na nane,
na mkoba wa ngozi juu, bure.

Mimi ni Kalunde binti Igunda, wa Ng'ambo, hapa Tabora.
Asali naifuata Sikonge, naipima kwa mkono kabla ya mizani,
na wafugaji nyuki wanajua mkono huu hauibi wala hauibiwi.
Nikaishika ya kizamani.
Chupa moja, nikasema moyoni. Ya kilo. Imejaa mpaka shingoni.
Mshiko wa mbao nyekundu, kama mninga wa mlango wa mama,
umelainishwa na viganja vya watu nisiowajua.
Nikaipenda. Nakiri.
Nikaona haya kuipenda.

Lakini Serikali inakuruhusu kuchagua,
haikuruhusu kuondoka nayo.

Kwanza mtendaji. Kisha kamati ya kata, watu saba kwenye benchi,
mmoja wao Mlekwa, ambaye deni langu halijui hata sura yake.
Wakauliza: huwa unakasirika?
Nikasema, nani hakasiriki?
Wakaandika: *ana utulivu.*
Kisha daktari, akanitaka nihesabu kurudi nyuma kutoka mia.
Kisha wino, vidole kumi, siku tatu hautoki,
wateja wakinunua asali wakiangalia kucha zangu.
Kisha askari wa kupima ukuta
lilipo sanduku la chuma nililolipia kabla ya kuwa na cha kuweka.

Na fomu. *Sababu ya kuomba silaha.*
Mstari mmoja, mfupi kama kidole gumba.

Ningeandika kalavati lile baada ya Ipole,
pikipiki imelazwa njiani,
vijana wawili na gobole moja lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Ningeandika Kashindye, dereva wangu, mikono kichwani,
na ndoo sita zikimwagwa, wakitafuta pesa chini ya asali,
pesa iliyokuwa kwenye simu.
Nyuki walifika kabla ya polisi.
Ningeandika kwamba yule mdogo, mwenye gobole,
aliponikaribia, mdomo ukamponyoka kwa mazoea:
*Shikamoo, mama.*
Nami, Mungu anisamehe, nikaitika
Marahaba.

Nikaandika: *Biashara.*

Miezi mitano. Kibali kikaja, muhuri umekaa upande.
Nikarudi kwa Somji na bei ya ndoo kumi na nane kwenye kanga.
Askari aliyetumwa kuhakiki akaigeuza ile ya kizamani kwenye mwanga,
akalamba kidole, akasugua chuma, akasugua tena.
Namba ilikuwa imelika. Tarakimu mbili, labda tatu, ukungu mtupu.
"Isiyo na namba haina jina," akasema.
"Isiyo na jina haiuzwi."
Somji akakunja kitambaa upande mmoja tu.
Ile mpya ikabaki wazi, namba zake nzima, safi,
ndoo arobaini.

Nilisema nitafikiri.

Sanduku liko ukutani, funguo mbili, moja shingoni.
Nimeweka humo chupa moja ya asali ya miombo.
Kashindye anacheka: nani anafungia asali kwa chuma?
Simjibu. Kuna usiku naitoa,
naishika gizani kwa mkono mmoja, nimenyoosha,
nione mkono utatetemeka baada ya muda gani.
Hautetemeki upesi. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumatano tunashuka Sikonge. Kibali kina miezi saba mbele yake.
Kalavati liko palepale.
Nikisalimiwa, nitaitika.