Upande wa Kaskazini wa Nyumba

Mwaloni huu ulikuwapo kabla ya nyumba, kabla ya barabara,
na unakunywa kama mtu asiyelipa:
mvua ya Juni ikishuka, majani huikinga;
kinachoponyoka, mizizi hukidaka.
Chini yake nimezika nyasi mara nne.
Ndiyo, nimezika. Kupanda ni neno la wenye jua.

Ardith alitaka kokoto.
"Kokoto hazifi," alisema,
akizipanga risiti za mbegu mezani
kama wakili apangaye ushahidi.

Jumamosi tukaenda kwa Bi Hostetler,
kwenye vitalu vyake nyuma ya zizi la ng'ombe.
Nikamuuliza: kuna nini kisichodai maji wala mwanga,
kilicho cha hapa hapa Pensilvania,
kisichokuja kwa meli?

Tangawizi mwitu, majani kama kwato: nikaipenda,
akatikisa kichwa. Hii yataka unyevu.
Jeranio la zambarau: zuri, ila hukaa lilipo,
mgeni asiyevua koti.
Kisha akainama chini ya meza, akatoa kikopo kilichopasuka:
asta mweupe wa msituni,
shina jeusi, jembamba kama uzi wa kiatu,
mizizi imeshatoboa chini, inatafuta njia.

"Huyu simuuzi bila kumsema," akasema.
"Anatambaa. Hajui ua, hajui mpaka.
Ukimpa shubiri, atachukua pima."

Ardith akacheka, mara ya kwanza tangu Aprili.
"Tumchukue. Nyumba yetu imejaa watu wa kuomba ruhusa."

Nilipiga goti moja, lile zima.
Mwiko haukuingia: mzizi, jiwe, mzizi.
Nikachimba kwa bisibisi. Mashimo matano,
ukoko wa majani makavu, maji ya kuoshea vyombo.
Mwaka uliofuata, majani manane. Niliyahesabu.

Kokoto alizileta hata hivyo, gari zima,
akatandika njia kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye pipa la taka.

Huu ni mwaka wa nne, mwisho wa Agosti.
Weupe umefika ukutani, umepinda kona,
umechomoza katikati ya kokoto, vimiti vitatu,
kila ua dogo na doa lake la njano.
Simwambii kitu Ardith, naye haniambii.
Ila usiku akienda kutupa taka, nikiwa dirishani,
namwona anafika pale,
anainua gauni kidogo,
anaruka.