Nusu Nauli

Usiku wa kuamkia Jumapili, jikoni kwetu Brno,
nimefuta makombo mezani nikatandaza karatasi.
Upande mmoja nimeandika: TUNACHO.
Upande wa pili bado mweupe,
kalamu imeona haya.

Tunacho: koruna elfu tisa na mia nne
ndani ya kopo la biskuti,
na zamu mbili za usiku kwenye tramu namba nane
alizoniahidi mkuu wa zamu. Ahadi ni deni,
lakini deni halinunui tiketi.

Nawaita wanangu.
Vojtěch anakuja na mabega yake mapya,
miaka kumi na sita, sauti imeshuka ngazi bila kuaga.
Matouš anafuata na bakuli la maziwa na nafaka,
saa nne usiku, mlo wake wa tano.
Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga.
Wahenga hawa hawakulisha wavulana wawili.

"Tunakwenda Trieste. Basi la usiku. Siku tatu."
"Kuna nini huko?"
"Bahari."
"Na nini tena?"
"Upepo. Unaitwa Bora."
"Bora nini?"
"Bora twende tukaone."

Nimepata chumba nyuma ya kituo cha treni,
vitanda viwili, miili mitatu.
Bi Hedvika wa ghorofa ya pili atatuazima begi,
zipu yake inafunguka kwa kubembelezwa.
Viatu vya Vojtěch ni namba arobaini na sita;
kimoja tu kinajaza nusu ya begi,
kwa hiyo atavivaa, alale navyo, avuke navyo mipaka.
Mayai kumi ya kuchemsha. Mkate. Soseji kavu.
Makumbusho hapana. Makanisa ndiyo, hayana kiingilio.
Jioni moja, pitsa.
"Kila mtu yake," anasema Matouš, "si ya kugawana."
Naandika: kila mtu yake.
Anasimama nyuma yangu mpaka wino ukauke.

"Mimi nitalala chini," nasema.
Vojtěch hajainua macho kwenye simu.
"Na huo mgongo wako?"
Kisha, kama anayemjibu mtu mwingine:
"Nitalala mimi."

Nafika kwenye mstari wa nauli.
Chini ya miaka kumi na tano: nusu.
Tunaondoka Ijumaa, tarehe kumi na tatu Machi.
Tunarudi Jumatatu, kumi na sita.
Na huyu mwenye bakuli,
huyu niliyemzaa alfajiri theluji ikidondoka,
anatimiza kumi na tano Jumamosi.
Napiga hesabu kwa kalamu, kisha kwa vidole.
Kwenda nusu, kurudi nzima.
Ataondoka mtoto, atarudi abiria.

"Nitajikunja kwenye kiti," anasema, "nijifanye mfupi."
Anajaribu pale pale, magoti yanagonga meza,
kijiko kinaruka.
Nimeendesha tramu miaka kumi na moja;
nimewaona kwenye kioo wengi waliojikunja.
Hakuna aliyewahi kupungua.

Tunacheka. Mimi naacha kucheka kabla yao.

Vojtěch anaingia chumbani, anatoka na bahasha.
Elfu moja na mia mbili,
za vipeperushi alivyogawa Desemba yote, mikono imebabuka.
Haniangalii. "Za pitsa," anasema,
halafu anafungua friji, anasimama mbele yake
muda mrefu, kama mtu aliyefika makumbusho.

Saa sita sasa. Wamelala, au wanajifanya.
Nimejumlisha tena: tunapungukiwa mia tatu na arobaini.
Ghalani chini kuna baiskeli nyekundu,
kengele yake bado inalia.
Nimewauliza mara mbili ni ya nani kati yao,
na kila mmoja amesema ya mwenzake.
Kesho nitaifuta vumbi,
nitaiwekea bei.