Uso wa Duka la Namalwa

Jedwali zilikamilika kabla ya mvua za Machi:
mbegu, mbolea, dawa ya kupe, madeni,
kila kitu na safu yake, kila deni na tarehe.
Kilichobaki ni uso.
Hifadhidata bila uso ni ghala bila mlango:
mali imo ndani, mwenye mali yuko nje kwenye matope.

Usiku huo nililala Kimilili, chumba cha nyuma,
kati ya magunia ya mbolea yanayowasha pua,
nikizipima lugha
kama mtu anayechagua mchumba kwa picha.
Java, maneno mengi kabla ya salamu.
Ile yenye jina la chatu, vijana wote wanaisifu,
ila kwenye mashine ya Namalwa ilijivuta
kama chatu kweli, aliyemeza mbuzi.
Ya kivinjari ilikuwa nzuri, sikatai,
vitufe vya mviringo, rangi ya chai changa,
lakini kila mwezi inataka nguo mpya,
na mtandao hapa hukatika
Mlima Elgon ukikohoa tu.
Nikaijaribu ya zamani, Visual Basic, kwa aibu,
skrini ya kijivu kama ukuta wa kituo cha polisi.
Mukhwana, tuliyesoma naye, akasema kwenye simu:
"Hiyo? Utachekwa mpaka Webuye."

Asubuhi Namalwa akaja na chai, na daftari.
"Kabla hujaandika lolote, soma."
Nikasoma.

*Wa baiskeli ya kijani, mifuko miwili.*
*Mama Pacha, nusu pesa, nusu kuku.*
*Mwalimu. Usimdai mbele ya mkewe.*
*Simwelo. Amefariki. Futa.*
Na chini ya *Futa*, kwa kalamu nyingine:
*Mwanawe amelipa.*

Mimi nilikuwa nimeweka Jina la Kwanza, Jina la Ukoo,
Nambari ya Kitambulisho, lazima, na nyota nyekundu.
Nikaiondoa nyota.
Nikachora kisanduku kirefu kisicho na masharti,
nikakiita Maneno Mengine.

Lugha, bado.

Saa nne umeme ukapotea.
Uliporudi, ile ya kijivu ikagoma,
ikatema mstari wa kosa, nami niko uani nanawa.
Nikamkuta Nekoye, msichana wa kaunta,
ameinama, kidole kimoja kwenye kioo,
vumbi la pumba mpaka kwenye kiwiko.
"Hapa ulifungua, hukufunga," akasema.
Kweli sikufunga.
"Umejulia wapi?"
"Chuo cha ufundi. Mihula miwili.
Karo iliishia kwenye sura ya nne."

Basi.
Si ile ya mbio, si ile ya kupendeza.
Nilichagua lugha ambayo, nikishaondoka,
ikilia usiku
kuna mtu dukani anayejua inalilia nini.
Mukhwana na acheke. Ana mapafu.
Na sura ya tano nilimwandikia Nekoye kwa mkono,
nyuma ya karatasi za bei za mwaka jana.

Siku ya kukabidhi, Namalwa akavaa miwani,
akapita kitufe kwa kitufe, midomo ikicheza.
Hifadhi, sawa. Tafuta, sawa. Chapisha, sawa.
Kwenye kona ya chini akasimama.
"Hiki?"
"Ondoka. Cha kufungia programu."
Akanitazama kama niliyemwaga maziwa.
"Kwangu haondolewi mtu.
Andika: Karibu tena."