Vidole Sita

Suwaiq, harusini, uwanja wa mchanga nyuma ya duka la matairi.
Nimekuja na daftari la hesabu, mistari ya buluu,
na kalamu mbili za wino wa bei rahisi.
Kahawa ya kikombe cha pili siinywi:
nachovya kidole, napaka kivuli.

Marhun wa zumari hapumziki.
Anavuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kutoa.
Nimeyachora mara tatu, mara tatu yamenihama,
na kichwa cha kwanza kimetoka kama boga.
Bora nifuate sauti: mstari mmoja,
nisiinue kalamu mpaka naye ainue mdomo.
Hakuinua.
Mstari ukafika ukingoni mwa karatasi
ukateremka pajani,
kwenye kanga niliyoazima kwa wifi, Tanga.

Shambe wa msondo nilipompa yake alihesabu vidole.
Sita.
Mkono haukutulia, nami nilichora kila nilichokiona.
Nikasubiri anune.
Akaiinua juu wenzake waione:
"Ndiyo maana nachoka!"
Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia.
Kwa jasho lile, na wino ule,
nadhani alilala na mkono wake mwenyewe
umechapwa utosini.

Kisha Sangur, dereva wa gari la maji, akaimba:
maji ya kifuu, ee, maji ya kifuu.
Nikainua uso.
Kiswahili, katika kinywa
ambacho "habari" yangu hakikuijibu!
Duru ilipokwisha akamtuma Zuwena aniulize:
maana yake nini?
Kaachiwa na babu, na miaka yote amedhani
ni jina la mwanamke.
Zuwena mkalimani wangu kazaliwa Ruwi,
kifuu hajapata kukishika. Huku ni mitende tu.
Basi nikafungua ukurasa mpya,
nikachora nazi, nikaipasua,
kifuu kimoja nikakitia maji,
na ukingoni, kwa ncha tu ya kalamu,
chungu mmoja anayetazama bahari yake.

Sangur akakaa nayo.
"Siyo mwanamke."
"Siyo."
Akacheka, halafu akaacha kucheka.
Duru iliyofuata aliimba taratibu,
kama abebaye kitu kisimwagike.

Na Moidin, mlinzi wa magari,
aliyekuwa akigonga ndoo kwa funguo gizani,
nilimweka katikati ya wapigaji.
Alikataa kwamba ni yeye.
Kisha akaipiga picha kwa simu, wino haujakauka,
akaituma kwa mkewe Kerala,
akarudi kuniuliza kama naweza kumpunguzia tumbo.

Asubuhi daftari limebaki waya na kingo zilizochanika.
Ukurasa mweupe uliosalia, nikiuinamisha dirishani,
naona mifereji ya kalamu iliyokandamiza:
duara la kifuu, na tundu dogo,
chungu.

Wifi anadai kanga yake.
Namwambia bado naifua.